Kabla ya Kumwaga Saruji, Tafuta Ardhi: Waya wa Teri kwenye Majiwe ya Goma

Mji wa Goma unabadilisha nguo. Nyumba za mbao zinabomolewa kidogo kidogo, na mahali pake panasimama kuta za tofali na majiwe, sakafu za saruji, madirisha ya chuma. Vyama vyetu pia vimo katika kazi hiyo. Depo ya mahindi iliyokuwa ya mbao inapewa sakafu ya kudumu ili panya na unyevu visiingie. Ofisi inaongezewa chumba cha friji ya maziwa au cha mashine ya kusaga. Umeme nao umesogea karibu: kituo cha Matebe, kwenye mto Rutshuru, kilizinduliwa Desemba 2015 kikiwa na uwezo wa zaidi ya megawati 13, na tangu 2020 kuna mtambo wa jua wa Nuru wa megawati 1.3 hapa mjini Goma.

Hayo ni maendeleo, na tunayafurahia. Lakini katika ukarabati wa nyumba kuna waya mmoja ambao mara nyingi hukumbukwa mwisho, wakati saruji imekwisha kukauka na pesa imekwisha. Ni waya wa ardhi, ule mafundi wetu, kwa kufuata Kifaransa, huuita teri. Katika toleo hili tunaeleza kwa nini waya huo una uzito wa pekee hapa Goma, na kwa nini wakati wa kuufikiria ni siku mnapochimba msingi, si siku mnapopaka rangi.

Nyaya mbili zinatoka barabarani, ya tatu inatoka kwenye parseli yako

Umeme wa nyumbani huingia kwa nyaya mbili. Waya wa fazi unaleta nguvu, volti 220 hivi. Waya wa netri unairudisha. Taa inahitaji hizo mbili tu. Lakini mashine yenye mwili wa chuma, kama friji, pasi, pampu au mashine ya kusaga, inahitaji waya wa tatu: teri. Kazi yake ni kungoja siku ya ajali. Siku fazi itakapochubuka ndani ya mashine na kugusa chuma, teri inaupa umeme njia ya kwenda ardhini, ili usipite kwenye mwili wa mtu.

Waya huo wa tatu unatoka wapi? Hapo nchi zinatofautiana. Huko Uingereza, katika nyumba nyingi, kampuni ya umeme yenyewe humletea mteja kiungo cha teri pamoja na nyaya zake. Ufaransa na Ubelgiji, ambako desturi nyingi za mafundi wetu zimetoka, utaratibu uliozoeleka kwa nyumba ni mwingine: kampuni hufunga netri yake ardhini kwenye transfoma, na kila mteja hujitafutia teri yake mwenyewe katika parseli yake. Ajali ikitokea, umeme unashuka ardhini kwako, unasafiri udongoni na kurudi kwenye transfoma.

Kwa hiyo swali la kwanza la kamati, kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji, ni hili kwa kampuni inayowauzia umeme: "Je, mnatuletea teri, au tunaijenga wenyewe?" Wakijibu kwamba mnajenga wenyewe, basi udongo wa parseli yenu umekuwa sehemu ya mtambo wa umeme. Na mkulima, kuliko mtu mwingine yeyote, anajua kwamba udongo haufanani.

Goma hakuna udongo, kuna majiwe

Goma imekaa miguuni mwa Nyiragongo. Januari 1977 volkano ililipuka. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji hadi ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena, ikakata barabara ya Rutshuru na kusimama kwenye mlango wa mji. Watu walirudi wakajenga juu ya lava ile ile, kwa kuwa hawakuwa na pa kwenda. Leo ukichimba msingi katika mitaa mingi, unakutana na jiwe jeusi baada ya sentimita chache.

Jiwe hilo ni zuri kwa kujengea ukuta. Kwa teri ni shida mara mbili. Kwanza, ni gumu: chuma cha mita mbili hakiingii, hata fundi akipiga nyundo hadi mikono iume. Pili, lava kavu inapitisha umeme vibaya sana, na mvua ikinyesha, maji yanapenya kwenye nyufa na kutoweka chini. Udongo wa shambani unashika maji kama sifongo. Lava inayaacha yaende.

Mafundi wana hesabu rahisi ya kukadiria. Kila aina ya ardhi ina kipimo cha jinsi inavyokataa umeme. Udongo mweusi wa bustani wenye unyevu unaweza kuwa na kipimo cha 50. Ardhi ya majiwe matupu inakuwa kati ya 1500 na 3000. Ukisimamisha chuma, unagawanya kipimo hicho kwa urefu wa chuma katika mita, na unapata ukinzani wa teri kwa ohm. Ohm zikiwa chache, teri ni nzuri.

Sasa tupige hesabu pamoja. Chuma cha mita 2 katika udongo wa bustani: 50 gawanya kwa 2, ni ohm 25. Safi kabisa. Chuma hicho hicho katika majiwe, hata kama fundi amefaulu kukiingiza chote: 1500 gawanya kwa 2, ni ohm 750. Katika majiwe mabaya zaidi ni ohm 1500. Kwa macho, kazi hizo mbili zinafanana: chuma kimoja, waya mmoja wa kijani na manjano. Lakini ya kwanza inalinda, na ya pili karibu ni pambo.

Kwa nini fuse haikatiki

Wanachama hudhani kwamba fuse au dijonkteri ya kawaida itakata umeme mashine ikiharibika. Tuangalie. Dijonkteri ya ampea 16 inangoja umeme uzidi ampea 16. Tuseme teri yenu ina ohm 100, na ya kwenye transfoma ina ohm 20. Fazi ikigusa chuma cha mashine, umeme unaokwenda ardhini ni 220 gawanya kwa 120, yaani hata ampea 2 hazifiki. Dijonkteri inaona kama mtu amewasha taa chache tu. Haikati. Na wakati huo mwili wa mashine una volti zaidi ya 180, ukingoja mkono wa mtu.

Na kwa mwili wa binadamu kiasi kidogo kinatosha. Mtu mwenye mikono yenye jasho na miguu kwenye maji anaweza kupitisha ampea 0.2 kwa volti 220. Hatari ya moyo huanza chini zaidi ya hapo. Ndiyo sababu kuna kifaa kingine, dijonkteri diferansieli. Hii haipimi wingi wa umeme. Inalinganisha umeme unaotoka kwenye fazi na ule unaorudi kwenye netri. Vikitofautiana, inajua kuna umeme unaopotea mahali, pengine ndani ya mtu, na inakata kabla hujamaliza kusema "ee!" Ya kulinda watu imeandikwa 30 mA, yaani ampea 0.03.

Vifaa hivi viwili ni mume na mke. Diferansieli bila teri itakata pale tu mtu atakapogusa na kupigwa; yeye ndiye atakuwa waya wa tatu. Teri bila diferansieli, kama tulivyoona, inaacha mashine iwe na umeme. Vikiwa pamoja, umeme unakatika dakika ile ile mashine inapoharibika, usiku hata kama hakuna mtu, na asubuhi mnashangaa tu kwa nini dijonkteri imeanguka.

Saruji inaongeza hatari

Hapa ndipo ukarabati unapoingia, na tunaomba kila kamati isome kwa makini.

Nyumba ya zamani ya mbao, juu ya lava kavu, ilikuwa na ulinzi wake bila mtu kujua. Mama aliyesimama kwenye sakafu ya mbao akagusa pasi mbovu alisikia labda mchomo mdogo, kwa sababu ubao na jiwe kavu havikuacha umeme upite miguuni. Wengi wamejifunza kutokana na hapo kwamba "umeme wa pale nyumbani hauna nguvu".

Sasa toa ubao, mwaga saruji yenye vyuma ndani yake, weka bomba, osha sakafu kila asubuhi. Saruji inashika unyevu. Vyuma vyake vinaenea chini ya chumba chote na kugusa ardhi mahali pengi. Mtu aliyesimama hapo peku, akiosha ndoo za maziwa, ameunganishwa na ardhi vizuri kuliko chuma cha fundi kilichosimama nje kwenye majiwe. Mashine mbovu ambayo jana ilichoma kidogo, leo inaweza kuua. Nyumba imekuwa nzuri zaidi, na hatari imeongezeka, na hakuna aliyebadilisha hata waya mmoja.

Kwa hiyo anayefanya ukarabati bila teri hayuko pale alipokuwa jana. Amerudi nyuma.

Pale chuma kisipoingia, laza waya

Kuna njia. Fundi akikuambia, "Hapa iko majiwe, teri haiwezi ingia," anasema kweli kuhusu chuma cha kusimama. Lakini teri si lazima isimame. Inaweza kulala.

Mnapochimba mtaro wa msingi, lazeni waya mtupu wa shaba wa milimita mraba 25 ndani ya mtaro, uzunguke nyumba nzima na ncha zake zikutane. Utepe wa chuma kilichopakwa zinki unaweza kutumika pia, na wezi hawautamani kama shaba. Hesabu ya waya uliolala ni hii: mara mbili ya kipimo cha ardhi, gawanya kwa urefu. Depo ya mita 10 kwa 10 ina mzunguko wa mita 40. Katika majiwe ya kipimo cha 1500: 3000 gawanya kwa 40, ni ohm 75. Parseli ni ile ile, lava ni ile ile, lakini mmeshuka kutoka ohm 750 hadi 75. Kwenye majiwe, urefu unafanya kazi ambayo kina hakiwezi kufanya.

Ohm 75 zinatosha? Kanuni ya usalama ni kwamba chuma cha mashine kisikae na volti zaidi ya 50 bila umeme kukatwa. Kwa diferansieli ya ampea 0.5 mnahitaji teri isiyozidi ohm 100. Kwa ya ampea 0.3, ile ambayo mara nyingi hufungwa kwenye mashine kubwa, isizidi ohm 166. Kwa ya ampea 0.03, hata ohm 1600 zinakubalika, lakini msitumie ruhusa hiyo yote. Wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, ardhi inakauka na ohm zinapanda. Acheni nafasi.

Vyuma vya msingi wenyewe vinaweza kusaidia pia. Miaka ya 1940, mhandisi Mmarekani Herbert Ufer alipewa kazi ya kulinda ghala za risasi za jeshi katika jimbo la Arizona, mahali pakavu ambapo mvua ni adimu na teri za kawaida zilishindwa. Aliunganisha waya kwenye vyuma vilivyofunikwa na saruji ya msingi, na miaka mingi baadaye vipimo vilionyesha bado ohm chache tu. Siri ni ile ile tuliyoitaja: saruji inashika unyevu. Kile kinachofanya sakafu iwe hatari kwa mtu, kinaifanya iwe teri nzuri ikiunganishwa. Kwa hiyo mwambieni fundi wa ujenzi aache kipande cha chuma cha msingi kikitokeza nje ya saruji, kilichofungwa imara na vyuma vingine, ili fundi wa umeme akiunganishe na waya wa mzunguko. Saruji ikishamwagwa, nafasi hiyo imekwenda.

Jaza udongo, usijaze kokoto

Mtaro ukiwa tayari, kosa kubwa ni kuufunika waya kwa vipande vya lava vilivyochimbwa. Waya utabaki umening'inia kati ya mawe na hewa. Leteni udongo wa shamba, ule unaoshikamana mkononi, mwagieni maji, mkanyage vizuri kuuzunguka waya. Unga wa makala ukichanganywa na udongo husaidia kushika unyevu.

Na chumvi? Tunajua mafundi wengi huitumia, na kweli siku ya kwanza kipimo kinashuka. Lakini chumvi inakula chuma na shaba, na kwenye lava yetu mvua za msimu mmoja zinaweza kuiosha yote. Mtapima vizuri mwezi wa tano na mwaka unaofuata hamna kitu. Tunashauri udongo.

Njia za mkato ambazo kamati isikubali

Ya kwanza ni kufunga teri kwenye netri ndani ya prizi. Fundi aliyeshindwa na majiwe anaweka kipande cha waya, na kwa kweli mashine inaonekana ina teri. "Tunafanyaka ivi siku zote," atasema. Lakini siku waya wa netri utakapokatika kwenye nguzo, kwa upepo au kwa wizi, vyuma vyote vya jengo, friji, mashine na pasi, vitapata volti 220 kwa pamoja. Katika mtandao ambao mteja hujijengea teri, jambo hili ni la kukataa kabisa.

Ya pili ni kufunga teri kwenye bomba la maji. Bomba la leo ni chuma, la kesho litabadilishwa kwa plastiki, na hakuna atakayekumbuka kwamba teri ilikuwa hapo. Bomba la chuma linaunganishwa na teri ili nalo liwe salama. Halichukui nafasi ya teri.

Ya tatu ni ndogo na imejaa kila mahali: adapta. Vyombo vingi vinatufikia kutoka Kampala vikiwa na plagi ya miguu mitatu ya Kiingereza, wakati prizi zetu ni za Kifaransa au Kibelgiji. Mtu ananunua adapta ya miguu miwili, na mashine inawaka. Lakini waya wa tatu umeishia ndani ya plastiki ile. Mmelipa mzunguko wa mita 40, na adapta moja imeufuta. Badilisheni plagi yenyewe, au nunueni adapta yenye kiungo cha teri.

Jenereta na jua

Chama chenye jenereta au invata ya jua kisidhani kwamba diferansieli ya ukutani inalinda kwa njia ile ile. Inafanya kazi kwa sababu netri ya kampuni imefungwa ardhini kwenye transfoma. Mkihama kwenye jenereta, kifungo hicho kinaweza kuwa hakipo, na diferansieli haitaona kitu. Mwambieni fundi anayefunga swichi ya kubadilishia aonyeshe kwenye karatasi: tukiwa kwenye jenereta, netri inafungwa wapi ardhini?

Teri na radi

Milima yetu ni kati ya sehemu zinazopigwa sana na radi duniani. Utafiti uliotumia satelaiti, uliotolewa mwaka 2016, uliiweka Kabare, huko Kivu ya Kusini, nafasi ya pili duniani, radi zaidi ya 200 kwa kilomita mraba kila mwaka. Teri ya nyumba peke yake haizuii radi, na mtu asidanganywe. Lakini vifaa vya kulinda mashine dhidi ya radi vinahitaji teri nzuri ili vifanye kazi. Bila hiyo ni pesa iliyotupwa.

Mambo ya kudai kabla ya kumlipa fundi

Kateni ukurasa huu, mpeni mtunza hazina:

1. Waya wa teri umelazwa kabla ya saruji, na mjumbe wa kamati ameuona kwa macho na kuupiga picha kabla haujafukiwa.
2. Kuna kiungo cha kufungulia karibu na sanduku la umeme, ili teri iweze kupimwa peke yake.
3. Teri imepimwa kwa chombo chake, telurometa, na ohm zimeandikwa pamoja na tarehe. Kipimo kirudiwe katikati ya kiangazi. Msikubali fundi apime kwa kufunga balbu kati ya fazi na teri: balbu ikiwaka haithibitishi usalama, na akifanya hivyo vyuma vya jengo zima vinaweza kupata umeme.
4. Diferansieli ya 30 mA ipo kwa prizi zote, na ya mashine kubwa imechaguliwa kufuatana na ohm zilizopimwa.
5. Kitufe kilichoandikwa T kwenye diferansieli kinabonyezwa kila mwezi. Kinathibitisha kwamba kifaa kinakata. Hakithibitishi kwamba teri ni nzuri. Hilo linajulikana kwa kupima tu.
6. Waya wa kijani na manjano unatumika kwa teri tu, kamwe si kwa fazi wala netri.
7. Vyuma vikubwa vya jengo, bomba za chuma na fremu ya mashine vimeunganishwa na teri hiyo hiyo moja.

Tunajua mtauliza: pesa itatoka wapi? Mtaro wa msingi mnauchimba hata hivyo. Kuulaza waya ndani yake ni kazi ya nusu siku pamoja na bei ya waya. Kuja kupasua sakafu ya saruji mwaka kesho, au kukatiza majiwe ya lava kuzunguka nyumba iliyokwisha kujengwa, ni gharama ambayo vyama vingi havitaiweza, na ndiyo maana teri iliyoahirishwa mara nyingi haijengwi tena.

Kamati zinazopanga ukarabati msimu huu wa kiangazi ziweke teri kwenye ukurasa wa kwanza wa makadirio, pamoja na mawe, mchanga na saruji. Na siku ya kumwaga msingi, mwiteni fundi wa umeme awepo.